Athari Mbili

Marehemu baba alituachia saa moja.
Si saa ya mkononi. Saa ya maji:
kila siku ya nane, kivuli cha nguzo
kikitoka jiwe la kwanza mpaka la tatu.
Hapa Ibra, nusu saa ya falaji huitwa athari.
Sisi tuna athari mbili,
zimo daftarini kwa wino uliofifia,
baina ya jina la Hamdun bin Khalfan
na la wale ndugu wawili wasiosemeshana.

Mama kazaliwa Wete.
Huko, asema, mvua haikuwa na hodi:
inakukuta karafuu zi juani,
unazikumbatia pamoja na jamvi, unakimbia.
Hakuwahi kudhani atakuja simama na jembe,
ushungi kaukaza,
akingoja maji kama mtu angojaye mshahara.

Nilipokuwa shule saa moja ilitosha.
Maji yalikuja na vurugu,
yamebeba majani na kandambili ya mtoto wa jirani,
yakanywesha mitende kumi na minne,
yakabaki ya mndimu, ya majani ya mbuzi,
yakabaki na ya mimi kutia miguu.

Saa haikupungua. Hilo ndilo linalonishinda kumweleza.
Pima kwa kivuli, pima kwa simu,
dakika ni sitini zile zile, hakuna aliyetuibia.
Ila maji yaliyomo ndani ya saa yamekonda.
Yanakuja yakinyata,
yakifika mtende wa tisa zamu imekwisha,
na Hamdun keshaziba kwetu kwa tope na matambara.
Haki yake.

Mwaka huu baridi ilichungulia tu, ikarudi.
Januari dume likapasuka kabla ya wakati,
likamwaga unga wake hewani,
na majike yamefumba
kama mabibi harusi waliokasirika.
Mofizul akapanda na kikapu, akashuka na kikapu.
"Bado."
Wiki tatu, bado.
Ilipokuja kuwa tayari, unga tuliouweka gazetini
ulikuwa umeshika ukungu.
Julai makole yakashuka na tende zisizo kokwa,
ndogo kama kunde. Mbuzi walifurahi.

Usiku simu ya mama ilikuwa inazungumza peke yake,
redio ya Unguja, mtaalamu mmoja
mwenye sauti iliyopigwa pasi:
athari za mabadiliko ya tabianchi kwa mkulima…
Mama akageuza shingo.
"Athari ngapi?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Nauliza. Zetu mbili. Wao wamepewa ngapi?"

Kisha Oktoba ikaja, yote kwa mpigo.
Mvua ya mwaka mzima katika alasiri moja,
wadi ukanguruma, ukachukua ukuta wa Hamdun,
ukachukua mndimu wetu na mizizi yake,
ukaujaza falaji kokoto na mchanga
hata maji yasijue pa kupita.
Tulikaa siku kumi na moja
na mafuriko nje na kiu ndani.

Wanaume wakateremka kisimani kuchimba.
Nikawaona wale ndugu wawili
wakipokezana karai la tope tangu asubuhi,
mmoja chini, mmoja juu,
mkono kwa mkono,
na bado hapana neno.

Mtende wa kumi na nne aliupanda baba
mwaka niliozaliwa.
Mama huupelekea maji ya kuoshea mchele,
usiku, sufuria kaifunika kwa khanga,
kana kwamba anaiba.
Sijamwambia kuwa namwona.

Leo falaji umefunguliwa.
Nimesimama na daftari mpaka kivuli kilipogusa jiwe,
nikaandika, kwa kalamu ya risasi:
Jumatatu. Athari mbili.
Yamefika mtende wa kumi na moja.
Nusu yake.